Funguo za Shangazi

Watu walimwita Kulikoni, na jina hilo alilipata kwa juhudi zake mwenyewe. Ukimsalimu anaitikia vizuri, halafu anakukazia macho na kuuliza, "Kulikoni?" Ukimletea zawadi, kulikoni. Ukimpisha kwenye foleni ya benki atapita, ila atageuka nyuma kuona umebaki ukifanya nini. Siku mtoto wake wa kwanza alipozaliwa, muuguzi alimpongeza kwa tabasamu pana, naye badala ya kushukuru akauliza hospitali inataka kitu gani tena. Mkewe alikuwa akiwachekesha watu kwamba mume wake huyu, hata kivuli chake mwenyewe angekidai kitambulisho.

Alikuwa fundi wa funguo na kufuli. Haijulikani kama kazi ndiyo iliyompa tabia ile au tabia ndiyo iliyomtafutia kazi. Kibanda chake kilibanwa kati ya duka la dawa na duka la simu, upana wake kama wa mlango na nusu. Ndani mlikuwa na mashine ya kuchongea, kiti kimoja, tupa za kila unene zilizopangwa ukutani, na funguo ambazo hazijachongwa zikining'inia kwenye misumari. Hakikuwa na kiti cha mteja. Mteja akikaa, alisema Kulikoni, anaanza kuangalia vitu.

Kila aliyeleta ufunguo alihojiwa. Wa mlango gani? Wa nani? Wa kwanza uko wapi? Akina mama walikasirika, vijana walicheka, na wengine walikwenda kwa fundi mwingine asiye na maswali. Ila mara moja moja alipatia. Aliwahi kumfukuza mtu aliyetaka ufunguo wa stoo ya tajiri wake, na haikupita muda mtu yule akakamatwa na mali ya watu. Hilo ndilo lililomharibu fundi wetu. Mtu mwenye shaka akipatia mara moja, hata akikosea mara mia hazioni.

Mtu mmoja tu duniani hakuulizwa kulikoni, naye ni shangazi yake, dada wa marehemu baba yake. Ndiye aliyemchukua akiwa mdogo, wazazi wote wawili walipokwisha kufariki, akamlea kama wa kumzaa. Alimsomesha mpaka masomo yalipomshinda, kisha akamtafutia ufundi, na hakuwahi kumkumbusha hata siku moja. Hakuolewa wala hakupata mtoto. Alifundisha Kiingereza shule ya sekondari mpaka akastaafu, na sasa alikuwa akiishi peke yake katika nyumba ya mwisho ya mstari wa nyumba zilizoshikana kuta.

Kuishi peke yake ni maneno ya kwenye karatasi tu, maana nyumba ile haikuwahi kuwa tupu. Sebuleni mlikuwa na vitabu mpaka juu ya friji. Muuza mboga wa jirani aliweka mchicha wake ndani ya friji hiyo jua lisije likaukausha. Watoto walifanyia kazi za shule kwenye meza ya kulia chakula. Na kulikuwa na kinyozi.

Kinyozi huyu ndiye aliyemkosesha Kulikoni usingizi. Alikuwa kijana mrefu, mpole wa sauti, na duka lake lilikuwa mtaa wa pili. Kila akipata nafasi alikwenda kwa shangazi kusoma gazeti, na baada ya kusoma walibishana. Walibishana juu ya siasa, juu ya dini, juu ya namna ya kulea watoto ambao wote wawili hawakuwa nao. Kinyozi hakukubaliana na shangazi karibu katika jambo lolote. Shangazi alimmiminia chai, akamwongezea sukari, na kumwambia, "Haya, endelea. Umekosea, lakini endelea."

Jumapili moja Kulikoni alishindwa kuvumilia. Kinyozi alipoondoka tu, akasogeza kiti.

"Shangazi, huyu kijana anatafuta nini hapa?"

"Gazeti."

"Gazeti linauzwa kila kona. Mtu anakuja kwako, anakunywa chai yako, anakwambia unachoamini ni upuuzi, na wewe unacheka! Kulikoni?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumtupia neno hilo yeye. Shangazi hakukasirika. Aliweka kikombe chini, akakaa kama aliyesimama mbele ya darasa.

"Kuna neno la Kiingereza nililipenda nikiwa msichana," akasema. "Liberality. Kamusi zilinipa ukarimu, nikaona pungufu. Neno lile ni kama nyumba ya vyumba viwili. Cha kwanza ni huo ukarimu, mkono usiobana. Watu wengi wanaishia hapo. Cha pili ni kichwa kinachompa mtu kiti, hata kama anayosema huyapendi. Ukimpa mtu chai ukamnyima masikio, umempokea nusu."

"Na nyumba hiyo ina kufuli gani?" Kulikoni akauliza.

Shangazi akacheka mpaka akashika mbavu. "Wewe mwanangu! Kila kitu kwako ni kufuli."

Kulikoni naye akacheka, ila cha moyoni hakukitoa. Aliona liberality ni maradhi ya watu waliosoma sana, na kwamba mtu akiyapata, ndugu zake wanapaswa kumlinda.

Baada ya wiki chache shangazi akafika kibandani mwenyewe, anatembea kwa kuchechemea, magoti yamemvimba. Akatoa ufunguo wa nyumba yake.

"Nichongee mmoja kwa kila nyumba ya mstari wetu," akasema. "Na mmoja wa kinyozi."

Kulikoni alidhani anataniwa. "Wa kinyozi wa nini?"

"Wa kuingilia, baba. Kila saa mtu anagonga, na mimi kunyanyuka ni vita. Wana shida zao mle ndani, waingie wenyewe. Tena nikifunga mchana nikalala, muuza mboga anabaki nje na mboga zake kama mdai."

"Shangazi, hiyo si nyumba tena. Hiyo ni stendi."

"Basi iwe stendi yenye vitabu. Nitakuja kuzichukua kesho."

Alipoondoka, machale yakamcheza Kulikoni kutoka unyayoni mpaka utosini. Alimwona kinyozi akipima ukubwa wa sebule kwa macho. Alimwona muuza mboga akianza na friji na kumalizia na kabati. Na tuseme ukweli wote, aliiona na nyumba yenyewe, kwa sababu shangazi hakuwa na mtoto mwingine, na fundi wetu alikuwa amekwisha kuipigia hesabu kimya kimya. Alijiambia si tamaa. Alijiambia anamlinda mama yake.

Sasa, mafundi wa funguo wana desturi moja. Hakuna fundi anayejiheshimu atakayekupa ufunguo bila kukwambia, "Kajaribu kwanza, ukigoma urudishe." Hata mashine ikichonga vizuri, kufuli zina ukaidi wake, na mara nyingi ufunguo unahitaji kurudi kuguswa kidogo kwa tupa. Kulikoni hakuwahi kuruka maneno hayo, hata kwa mteja aliyemshuku wizi.

Alizichonga funguo zote vizuri. Kisha akazibana moja baada ya nyingine, akachukua tupa nyembamba, na kwa kila moja akalipunguza jino moja lilelile, kiasi kidogo mno kisichoonekana kwa macho ya haraka. Ufunguo wa namna hiyo unaingia tunduni mpaka mwisho bila kelele. Unachokataa ni kuzunguka. Akazing'arisha zikametameta.

Shangazi alipokuja, alimpa fungu lote na kusema, "Kufuli lile limezeeka. Hizi mpya zitakuwa ngumu mwanzoni. Waambie wasilazimishe."

Hakumwambia wakajaribu. Shangazi akambusu kwenye paji la uso na kwenda kuzigawa.

Kulikoni alitegemea malalamiko siku ya pili, na uongo wa kuyajibu alikuwa nao mfukoni. Malalamiko hayakuja. Ukapita mwezi, kimya. Akashangaa, kisha akapata jibu linalomfaa. Hawalalamiki kwa sababu wanaogopa kujulikana kwamba walijaribu shangazi asipokuwepo! Akamwambia mkewe, "Umeona? Watu hawa wana jambo."

Sababu yenyewe aliijua baadaye, na ilimuuma. Kila jirani alijaribu ufunguo wake mara moja au mbili, ukagoma, akadhani ni yeye asiyejua kuutumia. Muuza mboga alidhani mikono yake ni mizito. Mwingine alidhani shangazi amebadili nia na anaona haya kusema, basi asimwaibishe bibi wa watu. Wote wakarudi kugonga mlango kama zamani, wakiona aibu, na kila mmoja akiamini ufunguo wake tu ndio usiofungua. Shangazi naye alidhani wanagonga kwa adabu tu.

Shangazi alianguka bafuni mchana mmoja wa kawaida. Alikuwa amefunga mlango kwa ufunguo apumzike, kama alivyozoea. Muuza mboga alikuja na mchicha, akagonga, akasikia sauti nyembamba ikiita kutoka ndani. Akatoa ufunguo wake. Uliingia, haukuzunguka. Akapiga kelele, majirani wakatoka, kila mtu na ufunguo wake mkononi, na kila ufunguo ukaingia na kugoma. Madirishani kulikuwa na nondo nene, zilizochomelewa kwa amri ya Kulikoni mwenyewe.

Simu ilimkuta akifungua kabati la ofisini kwa mteja.

"Kulikoni!" muuza mboga alikuwa akilia. "Mama kaanguka ndani! Funguo zetu zote zinakataa, zote! Njoo, baba, njoo!"

Mteja alimwona fundi akiacha kabati wazi na vifaa sakafuni, akitoka mbio bila viatu alivyokuwa amevivua. Alikodi pikipiki, na njia nzima alimpiga dereva mgongoni aongeze mwendo. Aliyemfungia shangazi yake ndani alikuwa ni yeye. Lawama hiyo haikuwa na mtu mwingine wa kutupiwa, ingawa alijaribu. Alijaribu kuitupia kufuli, na magoti ya shangazi, na hata sakafu ya bafuni.

Alipofika, mlango ulikuwa umelala sebuleni juu ya vitabu. Kinyozi alikuwa ameung'oa kwa nondo ya fundi ujenzi wa jirani, na nondo ilipoteleza ilimchana kiganja cha kulia, mkono uleule wa mkasi na wembe. Damu ilikuwa kila mahali. Shangazi alibebwa juu ya godoro, uso umemsawijika, midomo imekauka. Alipomwona Kulikoni akasema, "Umekuja, mwanangu," na Kulikoni akalia mbele za watu kama mtoto aliyepotea sokoni.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Daktari alisema atapona, ila atatembelea fimbo maisha yake yote, na kwamba kulala muda ule wote kwenye sakafu yenye maji kumemtia baridi ya kifua, na angechelewa zaidi tungekuwa tunazungumza mengine. Majirani walipeana zamu hospitalini. Walimletea Kulikoni chakula, wakamwambia ajikaze, wakamsifu kwa jinsi anavyompenda shangazi yake.

Kisha kinyozi akaja kibandani, mkono umefungwa bandeji nene. Alikuwa amebeba kopo. Akalimimina juu ya meza ya kazi, funguo zikalia.

"Nimezikusanya zote," akasema. "Nimezilaza juu ya ufunguo wa mama mwenyewe. Jino moja, fundi. Zote jino lilelile."

Kulikoni alitazama nje kuona kinyozi amekuja na nani. Hakukuwa na mtu.

"Umemwambia nani?"

"Nimewaambia watu kufuli lilikuwa bovu."

"Kwa nini?"

"Kwanza nilitaka nije na mtaa mzima," kinyozi akasema. "Nilikuwa na hasira, usifikiri sikuwa nayo. Halafu nikaenda kumwona mama. Maneno yote ni wewe tu. Eti umekula? Umelala? Nani amekuangalia? Nikaona nikikuanika, nitakayemvunja safari hii ni yeye."

"Unataka nini?"

"Funguo. Zinazofungua."

"Nakuuliza unataka nini!"

Kinyozi alimwangalia kama mtu anayesikiliza lugha asiyoijua, akaondoka.

Usiku na mchana Kulikoni akangoja bei ya kimya kile. Alijua itakuja. Labda kinyozi atataka kupanga chumba kwa shangazi. Labda atataka nyumba. Akaenda kwenye duka la kinyozi, akajifanya anapita, akaona kiti kitupu na kioo kimefunikwa kitambaa. Mkono haukuweza kazi bado. Hata hilo alilishuku. Akamweleza mkewe kila kitu, tangu tupa mpaka kopo. Mke alisikiliza, uso ukabadilika, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

"Unaogopa atakudai," akasema. "Wewe mtu amepoteza mkono kwa ajili ya mama yako, na bado unamkagua. Nenda kamwambie shangazi kabla sijaenda mimi."

Akaenda. Shangazi alikuwa amerudishwa nyumbani, amekaa kwenye kiti kikubwa, miguu juu ya mto. Mlango mpya ulikuwa na kufuli lilelile la zamani, kwa sababu halikuwahi kuwa bovu. Kulikoni alipiga magoti, akaeleza. Hakuficha jino, hakuficha uongo wa ugumu wa kufuli, na sehemu ya nyumba, ile ya hesabu za kimya kimya, aliisema akiangalia sakafu.

Machozi yalimtoka shangazi na hakuyafuta.

"Ulikuwa unanilinda na nani?" akauliza mwishowe.

"Na wao."

"Na siku ile, wao walikuwa wananilinda na nani?"

Kulikoni aliinamisha kichwa kwenye ukingo wa kiti. Mkono wa shangazi ulichelewa kuja. Ulipokuja ulikaa juu ya kichwa chake, mzito.

"Umeniumiza," akasema. "Sitasema hujaniumiza. Chonga nyingine. Uzigawe mwenyewe, hapo mlangoni, mchana, watu wakiwepo. Kuwaambia au kutowaambia ni juu yako."

Siku ya kuzigawa majirani walikusanyika barazani, na wengine walileta hata wageni wao. Kulikoni alisimama mbele ya mlango na kopo mkononi. Alikuwa amepanga hotuba. Ilipotoka, ilikuwa fupi.

"Zile za kwanza niliziharibu mimi. Kwa makusudi. Sikuwaamini."

Muuza mboga akafyatuka.

"Wewe! Ungetuulia mtu! Nimelia mwezi mzima nikidhani mkono wangu ni mzito, kumbe ni roho yako! Nimekuletea chakula hospitali, mimi, kwa mikono hii!"

Alimwambia yote aliyostahili na mengine ya akiba. Kisha akaunyakua ufunguo wake, akauinua kwenye jua, akaukagua pande zote. Akauchomeka, akafungua, akafunga, akafungua tena, akafunga tena, huku akimtolea Kulikoni macho. Akamwambia atoke pale mlangoni, asimame mbali, akafungua mara nyingine. Wengine walifuata, na hakuna aliyeondoka bila kujaribu. Mzee mmoja alimwuliza kama ufunguo huu utafungua na kesho, au ni wa leo tu. Mama mwingine alitaka kujua amechonga ngapi, na kama kuna mwingine wowote aliobaki nao. Kila swali lilikuwa swali ambalo Kulikoni mwenyewe angeliuliza, na aliyajibu yote kwa sauti ya chini. Alikuwa hajui kwamba kuulizwa hivyo, hata ukiwa na makosa, kunamvua mtu nguo.

Kinyozi alikuwa wa mwisho. Bandeji ilikuwa imetoka, kiganja kimebaki na kovu jekundu, na vidole viwili bado havikunjiki vizuri. Akapokea ufunguo kwa mkono wa kushoto, akautia mfukoni, akasema, "Asante, fundi."

"Hujaujaribu," Kulikoni akasema.

"Sina haja."

"Jaribu."

"Mama amelala sasa hivi, tutamwamsha. Siku nikiuhitaji nitafungua."

"Jaribu, bwana!" Kulikoni akapaza sauti, na watu wakageuka. "Wenzako wote wamejaribu! Unajua nilichofanya kuliko wote hawa! Ujaribu!"

Kinyozi akatikisa kichwa taratibu.

"Si umeuchonga wewe?" akasema.

Akamuaga kila mtu kwa heshima, akashuka ngazi, akashika njia ya dukani kwake. Kulikoni alibaki mlangoni na kopo tupu. Muuza mboga alikuwa bado ananguruma pembeni, na Kulikoni akasogea karibu naye, kwa sababu matusi yake aliweza kuyavumilia.